Kopo Jeupe Lililobaki Dar

Kopo la dawa la binti yangu lilibaki juu ya kabati la jikoni, Dar es Salaam, na mimi ndiye niliyeliacha. Sikulisahau. Mwenye kusahau ni yeye. Nililiweka pale asubuhi ya safari, nikalifunika kwa chujio la chai, nikatoka kuita bajaji.

Niieleze hali yake taratibu, maana mwenyewe nilichelewa kuielewa. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha tatu. Mwaka uliotangulia, baada ya madaftari kupotea, sufuria tatu kuungua, na mtihani alioishia swali la nne ilhali majibu yote anayajua, daktari alituambia kwamba umakini wake hauji pale anapouita. Si utundu, alisema, wala si malezi mabaya. Akamwandikia kidonge kimoja cha kumeza asubuhi. Kilimsaidia sana. Ila mchana kilimkata hamu ya kula, na mashavu yake yakaanza kupungua.

Likizo ya Juni ilipokaribia nilimuuliza daktari kama anaweza kupumzika. Akanijibu kwamba kuna familia zinazopumzisha dawa wakati wa likizo, na kuna zisizothubutu, kwa sababu shule ikifungwa barabara haifungwi, wala jiko. "Angalieni huko anakokwenda atakuwa anafanya nini," alisema. "Na mwulizeni mwenyewe."

Sikumuuliza. Nilimwambia.

"Dawa tunaziacha. Unakwenda kupumzika na kunenepa."

"Mama, lakini bibi amesema mwaka huu atanipa jembe la maji."

"Jembe la maji halina mtihani," nikamjibu, na nikajiona nimesema neno la busara.

Bibi yake, mama mkwe wangu, anaishi Lukozi, analima karoti, kabichi na viazi kwenye matuta yanayoshuka mlima kama ngazi. Juu ya matuta kuna ndiva, bwawa dogo la udongo linalojaa maji usiku. Kila ukoo una siku zake za kulifungulia. Siku zetu ni Jumanne na Ijumaa, tangu alfajiri hadi adhuhuri. Mwenye zamu hushika jembe, hufuata mfereji tuta kwa tuta, hufungua hapa, huziba pale kwa udongo na majani ya mgomba. Katika familia ile mjukuu huwa mtu mzima siku anapoachiwa jembe hilo peke yake. Binamu zake wote walikwisha kulishika, hata waliomfuata kuzaliwa. Yeye tu ndiye alikuwa bado.

Na sababu yangu ya kuacha dawa haikuwa mashavu. Desemba tulikuwa tumekwenda nazo, na kwa mwezi mzima nilimmezesha kwa siri nyuma ya jiko, huku nikichungulia njia. Vijijini kwetu msichana anayemeza kidonge kila siku saa ile ile, kutoka kwenye kopo jeupe linalochakarika, watu hawaulizi anaumwa nini. Wanajijibu. Niliogopa jibu lao. Nikaona heri mtoto asahau sahau kuliko jina lile litajwe.

Siku za kwanza zilinipa haki. Binti alikula. Alikula kande, akala viazi na maharage, akaramba mwiko. Bibi yake alimtazama akicheka mpaka shuka la mabegani likamporomoka.

"Mke mwenzangu, polepole! Utamla na paka."

Humwita hivyo, mke mwenza, tangu binti akiwa mchanga. Ndio utani wa bibi na mjukuu, na haukukoma hata babu alipofariki. Nilikaa kando nikifurahi. Niliona nimeamua vizuri.

Jumanne akapewa jembe.

Ukungu ulikuwa haujanyanyuka tulipomwona akipanda mlima, sweta la shule juu ya kitenge, jembe begani kama bunduki. Saa mbili zilizofuata tulisikia maji yakishuka tuta kwa tuta, sawasawa. Halafu sauti ikabadilika. Mama mkwe ndiye aliyeigundua. Alikuwa anachagua maharage kwenye ungo, mikono ikasimama.

"Hayo maji yanakwenda wapi?"

Tulitoka mbio. Tuta la tatu lilikuwa limekatika, na maji mekundu yalikuwa yanapita katikati ya shamba la jirani, pale alipokuwa amepanda karoti siku nne tu nyuma. Mbegu za karoti ni ndogo kama vumbi, na hazina hata mzizi wa kujishikia. Vitalu vyote sita vilikuwa vimesombwa, na njia ya chini imekuwa kijito.

Binti yangu tulimkuta hatua ishirini kutoka kwenye mfereji, amechuchumaa mbele ya kichaka, akimtazama kinyonga mwenye pembe mbili. Alimtazama kwa namna ambayo sijawahi kumwona akitazama kitabu. Maji yalikuwa yanamlowesha viatu, naye hajui.

Nilipomshika bega alishtuka, akageuka, akaona maji yalivyosomba mlima. Nitaukumbuka uso ule. Hakulia. Alianza kuchota udongo kwa viganja na kuurudisha kwenye tuta, udongo unapita katikati ya vidole, anachota tena.

Jirani akaja, mzee mrefu mwenye koti la mvua, akasimama juu ya kilichokuwa shamba lake.

"Shikamoo mzee," binti akasema, akiwa bado kwenye matope.

"Marahaba. Karoti zangu ziko wapi?"

Binti akatazama chini, kule njia ilikokuwa kijito.

"Basi nitakwambia mimi. Sasa hivi zinakaribia Mombo, kule bondeni. Miaka yote nazipeleka Mombo kwa gari, leo zimekwenda zenyewe, bila nauli." Akanigeukia. "Alikuwa anafanya nini huyu?"

"Alikuwa anatazama kinyonga," nikasema, maana sikuwa na uongo karibu.

"Kinyonga! Kinyonga mwenyewe, kwa mwendo wake ule, angekuwa ameshafika kuziba."

Mama mkwe aliomba radhi kwa Kishambaa, kwa kirefu, ameinamisha kichwa, akaahidi mbegu na mikono ya kupanda upya. Kisha akalichukua jembe kutoka kando ya mfereji na kulitia kwapani mwake. Binti alilifuata lile jembe kwa macho mpaka nyumbani.

Mchana ule nilikuwa jikoni namenya viazi. Mama mkwe alimtuma binti dukani kununua chumvi, na chumvi ilikuwepo. Akavuta kigoda, akakaa karibu nami kuliko kawaida.

"Dawa zake ziko wapi?"

Kisu kilinitoka. "Dawa gani, mama?"

"Usinifanye mtoto. Zile za asubuhi. Za kwenye kopo jeupe. Desemba nilizisikia zikichakarika kila siku nyuma ya jiko hapa, nikajua. Safari hii sijazisikia. Siku ya sita leo. Ziko wapi?"

"Nimeziacha Dar."

Sijawahi kumwona mama yule akipoteza rangi ila siku ile. Alishika ukuta.

"Umeziacha? Dawa zile haziachwi! Hata siku moja! Tulifundishwa pale zahanati, mimi na akina mama wenzangu tunaokwenda kutazama wagonjwa. Mtu akiruka, vile virusi vinaamka. Unamuua mtoto, wewe! Unamuua mjukuu wangu kwa kuona haya!"

Nilielewa neno moja baada ya jingine, kama mtu anayepanda ngazi gizani. Nusu mwaka. Nusu mwaka mzima mama huyu alijua, au alidhani anajua, kwamba mjukuu wake ana virusi vya UKIMWI, na hakumwambia mtu. Hata mwanawe, mume wangu. Nikakumbuka vifurushi vilivyokuja kwa basi kila mwezi tangu Januari: maharage, parachichi, mayai yaliyofungwa kwenye majani makavu ya mgomba, asali. Nilikuwa navipokea kwa kununa. Nilidhani ananisema, kwamba simlishi mtoto.

"Nilikuwa nasubiri uniambie," alisema, na sasa machozi yalikuwa yanashuka. "Kila alfajiri nikimaliza kuswali, namwombea. Nikasema, atakuja kuniambia, mimi ni mama yake pia."

"Bibi."

Binti alikuwa mlangoni na pakiti ya chumvi mkononi. Hatukujua amesimama hapo tangu lini.

"Bibi, ulidhani nina UKIMWI?"

Mama mkwe alijifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Na Desemba nililala kitandani kwako. Tulikula sahani moja."

"Sasa ulitaka ukalale wapi, zizini? Kwani sahani inaambukiza? Nimekwambia tulifundishwa."

Binti akacheka, cheko fupi lililokatika katikati, kwa sababu tayari alikuwa amenigeukia mimi. Ana akili ya haraka. Hilo daktari alituambia pia, na mimi nilikuwa nimelisahau.

"Kwa hiyo hukuziacha ili ninenepe."

"Hapana," nikasema.

"Uliona aibu."

"Niliogopa watu watasema nini."

"Wangesema uongo, mama, na ungepita. Sasa wanasema nimesomba shamba la mtu, na ni kweli."

Nimesimama mbele ya wazazi wengi katika maisha yangu, mimi ni mwalimu, nawaeleza mambo magumu kwa upole. Siku ile nilikaa chini, nikamweleza mama mkwe kwa mfano wa kilichokuwa mbele ya macho yetu. Nikamwambia akili ya mjukuu wake ina maji mengi, pengine kuliko yetu, ila mageti yake ya mfereji ni mazito kufunga. Geti likifunguka kwa kinyonga, yote yanakwenda kwa kinyonga. Kidonge hakiongezi maji. Kinamlainishia geti tu. Asubuhi kinaingia, jioni kimekwisha, na akikosa siku moja hafi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipiga paja kwa kofi lililowaka.

"Kumbe ni hilo tu! Nusu mwaka sijalala, kumbe ni hilo tu!" Akaanza kucheka na kulia pamoja, akamvuta binti kwapani mwake, chumvi ikamwagika. Baadaye akamshika kidevu, akamuuliza swali ambalo daktari aliniagiza mimi nimuulize.

"Wewe mwenyewe unataka nini, mke mwenzangu?"

Binti alifikiri. "Nataka jembe la maji Ijumaa."

"Na dawa?"

"Siku za maji nazitaka. Siku ya kukaa hapa na wewe sizitaki. Nikimeza, kande linakuwa kama karatasi."

Tulimpigia daktari simu, tumesimama kwenye mwinuko ambako mtandao hushika. Akasema kwa dawa hii aliyompa binti yetu, na kwa jinsi anavyomjua, mpango huo unafaa: ameze asubuhi, ale kwanza ashibe, wala asimeze mchana akaja kukosa usingizi. Akaongeza kwamba asingemwambia kila mtoto hivyo. Ziko dawa ambazo mtu hasimamishi na kuanza anavyopenda. Mwisho akauliza, "Safari hii mmemuuliza mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Sikusema ni nani aliyemuuliza.

Mume wangu alipanda kutoka Dar Alhamisi na lile kopo mfukoni.

Ijumaa alfajiri jirani alikuwa mezani kwetu anakunywa chai, kwa kuwa siku ile ndiyo tulikuwa tunampandia upya. Binti alimaliza magimbi yake yote, akatoa kopo jeupe, akalitingisha. Lile chakari-chakari lilijaza chumba. Mzee akalitazama kopo, akamtazama binti, akanitazama mimi. Mkono wangu uliinuka wenyewe kutaka kulifunika. Nikaukalia.

"Unaumwa, mjukuu?" mzee akauliza, sauti imeshuka.

"Ni dawa ya kinyonga," binti akasema, akameza.

Mama mkwe alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Ndipo binti akamweleza mwenyewe, kwa maneno yake, kuhusu geti na maji, na mzee akatikisa kichwa kwa muda mrefu. "Ninaye ndugu yangu wa namna hiyo kule Gare," alisema hatimaye. "Tulimchapa sana utotoni." Akamalizia chai yake.

Mama mkwe akalitoa jembe nyuma ya mlango.

Adhuhuri maji yalikuwa yamezibwa, kila tuta limekunywa, na vitalu vipya vya jirani havikuguswa na tone. Binti alishuka akiimba, mikono mitupu. Jembe alilisahau mferejini. Nilikuwa nimeshainua mguu kwenda kulichukua nikimsema, mama mkwe akanishika kanga.

"Liache," akasema. "Maji amefunga."