Kofia ya Mbwa wa Pilote

Mbwa yule alizaliwa upande wetu, Kivu ya Kusini, kwenye uwanja wa majani ambako watu hufukuza ng'ombe kwanza ndipo ndege itue. Pilote, yaani rubani wa ndege hiyo, alimkuta chini ya bawa, kitoto cha kahawia chenye masikio ya kulegea, kisicho na mama. Akakitia ndani ya koti lake akaja nacho Mbarara, Uganda. Watu wa kanisa letu la kambi ya wakimbizi ya Nakivale walipomwona baadaye walicheka wakasema huyu naye ni mukimbizi mwenzetu, ila yeye alikuja kwa ndege na sisi tulikuja kwa miguu.

Mimi nilikuja na mama yangu, ningali msichana, miaka ile vita ilipotufikia. Nakivale tulipewa kiwanja na turubai, tukalima mahindi na maharagwe. Mama alikuwa ameshona tangu ujana wake, akanifundisha kwa mkono, na fundi mmoja wa sokoni akaniruhusu kukalia cherehani yake alipokwenda kula. Nilipokuwa mtu mzima nilihamia Mbarara, nikapata fasi kwenye baraza la duka la vitambaa. Nilishona sare za shule, magauni ya kwaya, na suruali za wanajeshi wa kambi ya Makenke waliotaka zipunguzwe miguu. Mama hakutaka kuacha shamba lake. Alisema mjini hata majani ya muhogo ya sombe unayanunua, na yeye hawezi kununua majani.

Pilote nilimfahamu kwa kumwona kanisani. Alikuwa Mzungu mzee, mjane, mtaratibu, aliyerusha ndege ndogo ya injini moja kupeleka dawa na kuchukua wagonjwa. Alikuwa ameishi kwetu miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa chetu kabisa, cha mu- na ba-. Mbwa alikwenda naye kila mahali. Alilala nyuma ya kiti chake, juu ya mifuko ya barua na maboksi ya chanjo.

Lakini aliyemleta mbwa kwangu alikuwa mlinzi wa uwanja wa ndege. Alikuwa mtu wa Bwizibwera, si mbali na mji, mwana wa mwanajeshi, aliyelelewa Makenke. Kiswahili chake kilikuwa cha jeshini, kifupi kama amri. Asubuhi moja alisimama mbele ya cherehani yangu, kamba mkononi, na mbwa mwishoni mwa kamba. Akaniambia kapteni, ndivyo alivyomwita pilote, anaomba nimshonee mbwa huyu kofia. Nilidhani ananichezea, nikaendelea kukanyaga cherehani.

"Nyabo, mimi si nafanya mchezo," alisema, akiniita mama kwa lugha ya kwao. "Hii mbwa masikio yake inakufa."

Nikasimamisha mguu. Akanieleza kwamba kwa muda sasa mbwa akishuka kwenye ndege hutikisa kichwa kama mtu aliyeingiwa na maji, kisha hulala, na ukimwita hasikii. Siku moja gari nusura limkanyage mlangoni pa uwanja kwa sababu hakusikia injini nyuma yake. Daktari wa mifugo alimpima akasema kelele ya ndege ndiyo inayomla. Sikio la kushoto lilikuwa limekwisha kuharibika sana, la kulia bado lilisikia. Kilichokwenda hakirudi, alisema, kwa hiyo lindeni kilichobaki. Na pilote hakuweza kumwacha nyumbani. Alikuwa amejaribu, na mbwa alikataa kula mpaka ndege iliporudi.

Mlinzi akataka mbwa akae ili nimpime kichwa. Akamwamuru mara kadhaa, kwa sauti ya gwaride, na mbwa akawa anamtazama tu. Mimi nikainama upande wake wa kulia nikasema polepole, "Kuya huku, mama. Ikala." Akaja, akakaa, akaniwekea kidevu juu ya goti. Mlinzi akasema kwamba siku zote alifikiri mbwa huyu ana dharau, kumbe hawakuwa wanaongea lugha moja. Nilicheka, naye akacheka. Tangu siku hiyo hakuhitaji kutumwa ili apite barazani kwangu.

Pilote alikuja mwenyewe jioni, ameshika hedifoni ya zamani iliyovunjika, ile wanayovaa marubani. Aliniomba tuvitoe vile vikombe vyake viwili vya plastiki ngumu, tuvitie ndani ya kofia ya kitambaa, kila kimoja juu ya sikio. Alisema pamba peke yake haitoshi, na kuisukuma ndani ya sikio la mbwa ni hatari, inaweza kuzama isitoke. Nikashona kwa kitambaa cha fulana kinachovutika, nikazungushia vikombe sponji ya godoro na kipande cha blanketi.

Kofia ya kwanza ilikuwa nzuri machoni na haikufaa kitu. Maisha yangu yote nilikuwa nimeshonea watu, na mkono wangu uliweka masikio pale yanapokaa kwa watu. Mbwa alipoivaa vikombe vilimkaa mashavuni, akawa kama bibi anayeumwa meno. Pilote alicheka hadi akatoa miwani kufuta macho. Ya pili nilipima upya, nikapasua tundu la kupitisha mdomo, lakini nilifunga kwa utepe wa kunata, ule unaolia kraa unapoubandua. Ulipolia karibu na sikio lake zuri, mbwa aliruka akaangusha kikapu changu cha nyuzi, akajificha chini ya meza ya mwenye duka. Nikautoa, nikaweka vifungo vikubwa na lastiki chini ya koo, iliyolegea kiasi cha kupitisha vidole viwili ili asikabwe.

Ya tatu ikakaa. Kazi iliyobaki ilikuwa kumshawishi mwenye kichwa.

Pilote alitaka tusiharakishe. Mara ya kwanza tulimwonyesha tu kofia, anuse, apewe kipande cha nyama. Kisha tukamvika kidogo na kumvua kabla hajaanza kukwaruza. Mimi nilikwenda uwanjani kila nilipofunga kazi mapema. Mlinzi alileta maini ya kuchemsha kutoka kwao, ameyafunga kwenye jani la mgomba. Alijifunza kusema "kuya" na "ikala," tena kwa sauti ya chini, na mbwa akaanza kumtii. Tulimzoesha kukaa ndani ya ndege iliyozimwa, amevaa. Halafu pilote akawasha injini, sisi pamoja na mbwa tukiwa mbali, karibu na ua, tukasogea kidogo kila siku. Sheria ya pilote ilikuwa moja: kofia ivaliwe kabla injini haijawaka, isivuliwe mpaka propela isimame kabisa. Hata safari iwe ya kuvuka mlima mmoja.

Siku moja isiyo na mgonjwa wala mzigo, pilote alisema angependa mshonaji aone kazi yake hewani. Sikuwa nimepanda ndege maishani. Nilimpigia mama simu kumwambia kwamba kesho tutapita juu ya Nakivale. Aliniuliza mara mbili kama nimesema ndege, na nilijua kwa nini. Kwetu, miaka ya vita, ndege ikishuka chini, watu walikimbilia migombani, na waliokawia hawakuonekana tena. Nilijuta kumwambia. Mwishowe akaniuliza kama nitakuwa na huyo mbwa, nikasema ndiyo, kichwa chake kitakuwa mapajani pangu. Akasema, "Basi pita. Mimi nitasimama inje, bantu baone siogope."

Kulipokucha nilimfunga mbwa vifungo, nikavaa hedifoni niliyopewa, tukapaa. Nilishika shingo ya mbwa kwa mikono yote miwili, na sijui nani alikuwa anamtuliza mwenzake. Tulipokwisha kutulia hewani, nilifunua hedifoni upande mmoja ili nijue yeye alikuwa akisikia nini miaka yote ile. Kelele iliniingia mpaka kwenye meno. Nikaifunika haraka. Nilimtazama mbwa kwenye mapaja yangu na machozi yakanitoka, kwa sababu alikuwa mnyama wa kufuata tu anakokwenda mtu wake, na hakuwa na mdomo wa kusema naumia.

Tukapita milima ya Isingiro, eneo la Masha likawa chini yetu na ng'ombe wake kama mchele uliomwagika. Kisha ziwa, kisha mabati na maturubai ya kambi. Nilidhani ningeijua nyumba yetu mara moja, lakini kutoka juu nyumba zote za wakimbizi ni moja. Pilote akainamisha ndege pole, akazunguka kwa mbali, bila kushuka sana. Ndipo nikaona kitu chekundu kikipepea. Ilikuwa kitenge cha mama cha kanisani. Alikuwa amesimama katikati ya shamba la maharagwe akikipunga kwa mikono miwili, na pembeni yake watu wengi, na hakuna aliyekimbia. Nilipiga kelele kumwita, kana kwamba angesikia. Mbwa hakustuka. Alikuwa amelala, pua yake imegusa mkono wangu.

Tuliporudi chini na propela ikasimama, nilifungua vifungo. Hakutikisa kichwa. Mlinzi alikuwa amesimama langoni, mbali, akachezesha funguo mkononi. Mbwa akageuza shingo, akazitafuta kwa macho, akamkimbilia. Pilote aliketi kwenye tairi la ndege akasema taratibu, "Anasikia. Aksanti, binti yangu."

Mlinzi alinioa mwaka uliofuata. Walipokuja kutoa posa, mama alimuuliza mambo mengi ya ukoo na kanisa, na mwisho akataka kujua kama ni kweli anampikia mbwa maini. Akajibu kwamba ni kweli. Mama akasema mwanaume wa hivyo hatamnyima binti yake chakula.

Mbwa aliruka na kofia miaka mingi. Nilimshonea nyingine kila ilipochakaa. Pilote alipozeeka na macho yake yakakataa kurusha ndege, aliitwa kwao. Safari ilikuwa ndefu na mbwa, kwa miaka ya mbwa, alikuwa mzee kuliko yeye. Pilote aliketi naye sakafuni mwa nyumba yetu asubuhi nzima, wakizungumza Kiswahili cha kwetu, kisha akamkabidhi kwa mume wangu. Sikio la kulia lilimdumu mpaka uzee wa kawaida ulipolichukua, kama unavyolichukua la mtu yeyote.

Wakati huo mama naye alikuwa amekubali kuja kukaa nasi. Mwanzoni alisema mbwa haingii nyumbani mwa Mukristo. Baadaye nikawa nikirudi kazini nawakuta wawili hao kwenye jua la uani, wote hawasikii tena kwa uzee, mama akimenya viazi na kumhadithia kwa sauti kubwa habari za ng'ombe wa baba yake, mmoja mmoja, rangi na pembe. Majirani wa upande wa pili wa ua walizijua zote. Mbwa aliegemeza mgongo kwenye miguu ya mama, na mama aliposimulia jambo zito alikanyaga chini kidogo, ili mwenzake aupate mtikisiko, ainue kichwa.