Majina Tuliyoyataja Bombani

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya tisini, mwanangu, tukipanga foleni ya maji katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Nilikuwa msichana, nimesimama nyuma ya shangazi yangu, Eddo Faduma; eddo kwetu ndiyo shangazi. Hemani kwetu mdogo wangu alikuwa anaungua kwa homa, na mtungi wetu mkavu.

Kwa Wasomali, mtu hujitambulisha kwa kutaja baba na babu zake mpaka ukoo wake ujulikane. Sisi wakulima wa Mto Juba tuliitwa watumwa. Basi tuliazima mababu wa wenye ngamia tuliowalimia, tukawataja kana kwamba ni wetu. Ukiwataja vizuri, ulivumiliwa kwenye foleni, tena nyuma kabisa.

Siku hiyo mama mmoja mwenye mitungi mingi alimgeukia Eddo. "We wa nani?"

Eddo akatua mtungi. "Mimi Faduma, binti Osman aliyelima ufuta, mwana wa Mberwa aliyechimba mifereji."

Wenye foleni wakaangua kicheko. "Wallahi, huyu anataja majembe! Ukoo uko wapi?"

"Ndio huo, abaayo, dada yangu. Mahindi yao ulikula, wala hukuyauliza ukoo."

Tukasukumwa nje ya foleni. Nikamshika nguo. "Eddo, taja yale majina mengine. Mtoto ana kiu!"

"Ni kwa ajili yake nayaacha," akasema, akaenda kusimama peke yake upande wa pili wa bomba.

Mama mmoja wa kwetu, aliyekuwa karibu kabisa kufikiwa na zamu, akainua mtungi wake, akaja nyuma yetu, akamtaja babu yake mfinyanzi. Akaja mwingine. Nami nikamtaja Mberwa. Foleni zikawa mbili. Mlinzi wa bomba akakuna kichwa, kisha akaanza kujaza huku na huku. Tukarudi hemani na mtungi umejaa, mdogo wangu akanywa.

Tangu hapo hatukuazima tena. Tuliochekwa kwa jembe tukajiita watu wa jembe, tukachagua wasemaji wetu, na watoto wetu wakaandikishwa shuleni kwa majina ya babu zao wa kweli.

Mwanangu, anayekudharau atakupa jina, na atafurahi ukilionea haya. Lichukue, ulijaze kazi za waliokuzaa, ulitamke mbele za watu. Na ukimwona mwenzako amesimama peke yake, inua mtungi wako umfuate, hata kama zamu yako imekaribia.

Mungu akupe sauti ya Eddo Faduma, na mtungi wako usikauke. Amin.