Mustang Iliyouzwa Siku ya Sabato

Mniache niseme. Watu wa hapa kwetu Rangwe wananiambia, "Mama Bravin, yameisha," lakini yameishia kwa nani? Kwangu bado.

Mume wangu Javan ni fundi wa magari, gereji yake iko karibu na soko, na mimi nashona nguo kwenye veranda ya jirani. Kwa miaka kumi na mmoja amefuata kwa simu minada ya Amerika, ile ya magari ya zamani yenye injini kubwa za silinda nane. Mchana kutwa yuko chini ya Probox za watu, jioni ananieleza Charger ya mwaka fulani imeuzwa bei gani Florida. Florida! Sisi hata Kisumu tunaenda kwa sababu ya hospitali tu. Niliyaita magari hayo wazimu wake, tena mbele ya wageni.

Lakini haki yake nimpe. Sisi ni Waadventista Wasabato, na Wamarekani, sijui nani aliwaroga, magari yao bora huyauza Jumamosi. Jua likizama Ijumaa, Javan alikuwa ananipa simu niifungie kwenye droo ya cherehani. Hakuwahi kuiomba hata mara moja. Jumapili alitazama marudio akiwa amefunika bei kwa kidole gumba, akakisia, halafu akaondoa kidole. Akipatia, anacheka peke yake.

Basi mwezi wa pili ikasikika kuna Mustang, gari la aina hiyo hiyo, kule mjini Sori. Daktari mmoja alisoma Amerika zamani akarudi nayo kwa meli. Alipokufa watoto wakagombana, mahakama ikaamua iuzwe kwa mnada. Javan aliomba ruhusa kwa familia, akashinda nayo siku mbili. Alisafisha kabureta, akatia petroli, ikanguruma. Alirudi nyumbani bila hata kunawa grisi. "Rispa," akaniambia, na kwa kawaida haniiti jina, "iko hai!" Tuliuza ng'ombe wawili wiki hiyo hiyo, na mimi sikubisha.

Kisha tangazo likatoka: mnada ni Jumamosi saa nne asubuhi, ili watoto wa marehemu wapate kuja kutoka Nairobi.

Jirani yetu Okari ni Mkatoliki. Akajitolea aende ainue mkono kwa niaba yetu. Mtu mwingine angekubali akanyamaza. Javan wangu, wapi! Lazima apeleke jambo kwa mzee wa kanisa apate ushauri. Akamwendea Mzee Barnabas akamwaga kila kitu: gari liko wapi, injini ni nzima, bei ambayo watu wa Sori hawawezi kuipita. Yawa! Mzee akasikiliza, akafunga macho, akamwambia kumtuma mtu siku ya Bwana ni sawa na kwenda mwenyewe. "Mwachie Mungu, ndugu Javan." Hata akamwombea.

Jumamosi tulikuwa kanisani toka saa mbili. Kiti cha Mzee Barnabas kilikuwa kitupu. Karani akatangaza kwamba ameenda kutembelea waumini wa Nyatike. Javan akasema amina.

Jumapili Okari akaja amekunja uso. Alikuwa ameenda mnadani kutazama tu. Mkwe wa Mzee Barnabas ndiye aliyekuwa akiinua mkono, na Mzee mwenyewe amesimama nyuma yake, akimgusa mgongo kila bei ilipopanda. Mpaka dalali akagonga nyundo. Nilitaka kwenda kwake saa hiyo hiyo na mkasi wangu wa kushonea, Javan akanishika. "Labda ana sababu," akasema. Sababu gani? Mwizi wa mchana!

Jumatatu gari likaletwa likivutwa na trekta. Tena wapi? Kwetu! Mzee Barnabas akashuka anatabasamu, akasema Mungu ana njia zake. Anataka Javan aitoe ile injini, maana inakunywa petroli kama ng'ombe mtoni, aweke ya dizeli ya matatu, gari likodishwe kwa maharusi. "Hiyo ya zamani iuze kama chuma chakavu."

Javan akaweka mkono juu ya boneti. Katika ndoa yetu nilikuwa nimemwona akikasirika mara mbili tu; hiyo ikawa ya tatu.

"Mzee," akasema, "siku ile ulinijibu kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya gari?"

"Usichanganye mambo, ndugu. Hii ni kazi."

"Ni kazi, na leo ni Jumatatu, siku ya kazi. Na bado sitaifanya. Ondoa gari."

Likavutwa kwenda kwa fundi mwingine, naye akaitoa injini kwa siku moja. Javan aliposikia aliingia chumbani akalia, na mimi nikalia kwa hasira huku nashona, hadi sindano ikanichoma. Tangu hapo hajatazama mnada hata mmoja.

Jumamosi iliyofuata Mzee Barnabas alisimama mbele akatangaza wimbo. Javan alisimama, akafumba macho, akaimba beti zote. Mimi nilikuwa kando yake, kitabu mkononi. Sikufungua mdomo.