Risasi Isiyo na Bunduki

Ipo siku moja siisahau, mwanangu. Wewe unayenijua kwa malori na mashine ya kukoboa utashangaa: siku hiyo nilitafuta tundu la risasi mwilini mwa binti yangu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, bidhaa tele hadi kwetu Kimamba. Mimi, darasa la nne tu, nilikwisha kuwa fundi wa kutajwa. Nilichonga magari ya mbao, nikayapaka rangi ya njano niliyookota kwenye mitambo chakavu ya mkonge. Kopo lilikuwa na picha ya fuvu. Kiingereza sikijui, nikadhani ndiye mwenye kampuni. Rangi ile iling'aa, tena ilikuwa tamu. Binti yangu Tatu alilamba gari lake mpaka mbao zikaonekana, nami nikajigamba kwa wateja kwamba gari langu mtoto halitoi mdomoni. Wahenga walisema kibaya chajitembeza. Mimi nilikitembeza kwa kengele ya baiskeli.

Kisha Tatu akawa anashika tumbo, chakula hataki, na maneno aliyokwisha kuyajua yanampotea. Mama mkwe, ambaye kwa heshima ya ukwe hakusema nami uso kwa uso, akawaambia kuku nikisikia: "Nyie mna akili. Mkionja kibaya mnatema. Wenzenu wanauza."

Nikampakia mtoto kwenye baiskeli hadi Kilosa. Daktari, mzee wa makamo, alimpima, akalitazama gari mkononi mwa mtoto.

"Huyu amekula risasi."

Nikamvua gauni, nikamgeuza mbele na nyuma. Nikasema tundu silioni, na kwangu hakuna hata manati.

"Risasi ni madini, bwana. Imo kwenye rangi ya hilo gari. Nani kalipaka?"

Mara ya kwanza tangu nizaliwe, nilitamani fundi awe mwingine.

Niliyakusanya magari yote nyumba kwa nyumba, watoto wa Kimamba wakinililia kama waliofiwa. Tatu alipona, ila hesabu zinamsumbua mpaka leo. Kusoma anasoma, ndiye anayenisomea kila kopo.

Basi mwanangu, kuuliza si ujinga. Rangi usiyoijua isiguse kitanda, kikombe wala mwanasesere wa mtoto. Ikibanduka ukutani, usiikwangue watoto wakiwa karibu. Mtoto akiumwa, mweleze daktari alichokuwa akilamba, hata kama ni sifa zako.

Mungu akujaalie watoto wepesi wa kuuliza, wazito wa kulamba.