Mfupa kwenye Tuta la Karoti

Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mimi baba nalisha, nalipa ada, napeleka hospitali. Neno la mwisho ni la mjomba. Hilo nililijua kabla sijaoa, wala halikunisumbua mpaka shemeji yangu aliponunua kishikwambi.

Kila Jumapili alipanda mlima kutoka Kihonda, kule mjini, nacho kwapani. Wanangu wawili, binti wa miaka tisa na mdogo wake wa kiume, walimsubiri tangu asubuhi. Shikamoo yangu mimi walinitupia mlangoni, wameshaanza kukimbia. "Shikamoo mjomba!" hiyo ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Kisha wanainama watatu juu ya kile kioo: roketi inapaa, mtu anaelea miguu juu, dainosa ana shingo ndefu kuliko mgomba wowote niliowahi kupanda. Akawaambia mifupa ya wanyama hao iliwahi kuchimbwa Lindi, hapa hapa Tanzania. Wanangu wakanitazama mimi na jembe langu kana kwamba nimezembea.

Nilikuwa na wivu. Sitauita jina jingine. Nililala nao, nikaamka nao, nikapalilia nao. Nilitaka siku moja tu waniulize mimi.

Basi nikaomba buchani mfupa wa paja la ng'ombe, ule mkubwa, nikauchemsha mpaka ukawa mweupe, nikaufukia kwenye tuta la karoti. Jumamosi nikawaita watoto tuvune. Jembe la binti likaugonga, akapiga yowe. Wakafukua kwa vidole, taratibu, kama walivyoona wataalamu wakifanya kwenye kioo.

"Baba, dainosa!"

"Naona," nikasema, nikijikaza nisicheke.

"Tumpigie mjomba!"

Mama yao akaleta simu, wakampigia kwa video. Yule bwana akautazama mfupa. Akanitazama mimi, nimesimama nyuma yao na udongo mpaka viwikoni. Alijua; supu ya mifupa kama ile ameinywa mara nyingi kuliko mimi. Angeweza kunimaliza kwa neno moja.

"Muulizeni baba yenu," akasema. "Shamba ni lake."

Shamba si langu. Ni la ukoo wao, na hilo analijua kuliko mtu yeyote. Akakata simu.

Watoto wakanigeukia, macho yamewatoka, yale macho ya Jumapili. Hatimaye yalikuwa yangu, na aliyenigawia ni yeye. Nilimchukia kwa wema huo.

"Baba, aliishi lini? Alikuwa anakula nini? Alikufaje?"

Wiki nzima nilikuwa nimeandaa mfupa tu, majibu sikuyaandaa.

"Tuufute udongo kwanza," nikasema. "Kesho mjomba akija, tutamuuliza."