Mpira wa Kusikilizia Kabureta

Nilikuwa na miaka saba shida ilipoanza, mwaka ule mama alipovuka mpaka kwenda Kenya na hakurudi. Juzi hapa Busia nilimwona fundi amepiga magoti kando ya pikipiki kuukuu, mpira mwembamba wenye tundu sikioni, na harufu ya petroli ikanirudisha nyumbani kwetu Tororo.

Baba alikuwa na pikipiki ya kabureta mbili, vile vifaa vinavyochanganya hewa na petroli. Ili zivute hewa sawasawa, aliacha injini ingurume, akaweka ncha moja ya mpira kwenye kabureta, nyingine sikioni, huku akikaza skrubu polepole. Mchana mmoja alinipa na mimi ule mpira.

"Binti, sikiza. Ipi inavuta sana?"

Nikasikia pumzi. Nilikuwa nimeona simu ya posta, jinsi watu wanavyoongea na walio mbali. Nikahamisha mpira mdomoni.

"Mama, rudi. Baba anapika ugali mbichi."

Jirani yetu Okello alicheka mpaka akakaa chini. "Mwambie akuje na sukari ya Kenya!"

Baba hakucheka. Alizima injini.

"Usizime, Baba! Hajajibu!"

"Atajibu kesho," akasema, akaenda kunawa mikono nyuma ya nyumba. Alikaa huko sana.

Shule niliachia darasa la pili, lakini leo najua ile ilikuwa hewa tu. Nina nyumba ya matofali, ng'ombe watano, shamba Nabuyoga na duka la spea. Vyote nimenunua mwenyewe. Jioni nakula peke yangu.