Maji ya Kinywani

Kila Jumamosi ninafua nguo za kazi za mume wangu, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha madini. Harufu ya asidi inapopanda kutoka kwenye beseni, mdomo wangu unajaa mate.

Utotoni, hapahapa Dilala, mimi na yaya, kaka yangu mkubwa, tulikuwa wakimbiaji. Njia yetu ilishuka bondeni kati ya majani marefu yaliyotukata miguu, ikapita kwenye mawe yenye rangi ya kijani, mpaka mtoni. Pale kila mmoja alijaza maji kinywani, kisha tukapanda mbio hadi mlangoni kwa mama.

"Mwenye kutema, njo mwenye kushindwa," yaya alikuwa akisema; hiyo ndiyo ilikuwa sheria.

Siku moja mto ulishuka kutoka upande wa kiwanda ukiwa mweupe kama maji yaliyooshewa mchele. Tulijaza vilevile. Kabla ya kufika kwenye mawe ulimi ukaanza kuniwaka, nikatema, nikalia. Yaya aligeuka, akaniona, akacheka kwa macho tu, mashavu yamevimba. Akaendelea kupanda.

Nilimkuta mlangoni. Mama alikuwa amemshika kidevu, akimpiga mgongoni.

"Tema, mutoto wangu! Tema!"

Hakutema mpaka aliponiona nimefika. Midomo yake ilikuwa imebabuka. Alijipigapiga kifua kunionyesha kwamba ameshinda, akafungua kinywa aseme, na sauti haikutoka.

Hatukukimbia tena.

Nguo zimetakata. Ninabeba beseni hadi kwenye mfereji ulio nyuma ya nyumba yetu hapa Dilala, kwa sababu sina mahali pengine pa kumwaga. Maji yanashuka bondeni hadi mtoni, kwa njia ileile ya mimi na yaya.